Kanuni za bao mnaziandika na nani kama sisi wachezaji hatupo?

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji. Najua mnapenda barua fupi ila hii itakua ndefu kidogo, nimeikalia toka wiki ile ya mashindano na kila nikitaka kuifupisha naona nakata pale pale penye ugomvi.

Mimi ni fundi viatu, nakaa Buguruni, na bao nacheza toka niko darasa la nne. Alinifundisha babu mzaa mama kwa bao la kuchimba kwenye mchanga, mashimo 32, komwe, zile mbegu za kuchezea, tunaokota wenyewe, zikipungua tunajazia na kokoto. Sio bingwa. Nasema mapema kabisa ili asije akatokea mtu akasema huyu kafungwa ndo maana analia. Nimefungwa ndiyo, na kulia nalia, ila sababu si kufungwa, nimefungwa mara nyingi sana kwenye maisha yangu na watu wa kila umri, kuna mama lishe pale kijiweni kwetu anatufunga huku anakoroga ugali na hakuna aliyewahi kuandika barua gazetini.

Iko hivi. Yalitangazwa mashindano ya bao hapa Dar, waandaaji siwataji maana nia yangu si kumchafua mtu, wenyewe wanajijua. Kiingilio elfu kumi. Kijiweni kwetu tukajitokeza wanne, tukapanda daladala asubuhi na bao letu tumelibeba kwenye gunia kwasababu tuliambiwa mabao ni machache, anayeweza aje na lake. Sisi tunaleta mpaka bao, kumbuka hilo mhariri maana nitalirudia. Tumefika saa mbili, tumekaa, chai ya kujitegemea, saa tatu na nusu ndo anakuja kijana kavaa tisheti ya mashindano anabandika ukutani karatasi mbili, juu imeandikwa KANUNI ZA MASHINDANO. Watu kama arobaini tukaisonga ile karatasi kama tunagombea gari ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Mzee mmoja hakuja na miwani akaomba asomewe, anayesoma anasoma kwa sauti ya chini, wa nyuma wanauliza kasemaje, kasemaje. Hiyo ndo ilikua mara yetu ya kwanza kuziona hizo kanuni na raundi ya kwanza ilianza dakika ishirini baadae.

Mimi nilipiga picha na simu ndo maana naweza kuzieleza vizuri leo. Kulikua na mambo mengi, mengine ya maana kabisa, mfano kwamba watazamaji wakae kimya. Hilo sina ugomvi nalo, nani asiyejua wapambe wa kijiweni, unacheza na mtu mmoja kumbe unacheza na kumi na wawili, huyu anakohoa ukitaka kukosea, yule anasema "angalia kichwa wewe" kama anaongea na simu. Wanyamazishwe tu. Na kuvaa kistaarabu, sawa. Ila kuna mambo manne mle ndani, nikiyasoma najua kabisa aliyeandika hajawahi kukaa mbele ya bao hata Jumapili moja mpaka magharibi.

La kwanza ni saa. Walileta zile saa za kubonyeza, za chesi, dakika 15 kila mchezaji, zikikuishia umefungwa. Sasa kwa ambao hawachezi naomba mnivumilie nieleze kidogo. Kwenye chesi unafikiri, unasogeza kete moja, unabonyeza, mkono wenyewe umefanya kazi sekunde moja au mbili. Bao haliko hivo. Bao ukishaamua kucheza ndo kazi ya mkono inaanza, unachukua kete unapanda moja moja kwenye mashimo, ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake mwenzako ana kete unakula, zile ulizokula unazirudisha kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la mstari wako wa mbele, unapanda tena, ikiangukia tena penye kete unaendelea, unapita nyuma, unarudi mbele, mpaka ufike shimo tupu ndo unalala. Mchezo mmoja tu huo. Kadri ulivyocheza vizuri ndo mkono unavyotembea muda mrefu, na ile saa inakula dakika zako wewe, mwenzako kakaa kakunja mikono anapumzika na za kwake zimetulia pale pale. Yaani anayekula sana ndo anayeadhibiwa. Na tukumbuke kila mtu anaanza na kete 10 kwenye bao na 22 mkononi, kwahiyo kabla hamjamaliza namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, mkaingia kwenye mtaji, hatua ya pili kete zote zikiwa kwenye bao, kila mmoja anatakiwa aweke kete zake 22 moja moja, ni mara 22 hizo za kufikiri na kupanda, kwa dakika 15. Piga hesabu mwenyewe mtaji unabakiwa na nini.

Mimi yalinikuta raundi ya pili. Nilipangwa na kaka mmoja katokea Mbagala, mtu mstaarabu sana, anacheza taratibu bila majigambo. Tumeenda namua vizuri, tumeingia mtaji, yeye mstari wa mbele umebaki na kete kwenye mashimo mawili tu na mimi nimeuona mtaji wangu, yaani mchezo wa kula, toka mbali, nimeuhesabu mpaka mwisho. Saa yangu imebaki kama nusu dakika. Nikaanza. Nikala tano, nikaingia kichwa cha kulia, nikaunga, nikala tena, nikazunguka nyuma, nikarudi, nakaribia kumaliza kabisa hesabu, kete nne ziko mkononi, saa ikalia. Refa akaja akasema mzee umefungwa. Mkono wangu bado uko hewani mhariri. Nikamuuliza, mdogo wangu, huu mchezo nimeuanza saa bado iko hai, ndani ya mchezo mmoja, unahesabika au hauhesabiki? Akaangalia ile karatasi mbele na nyuma, hakuna kitu, akasema ndo hivo muda umeisha. Yule kaka wa Mbagala alinishika bega akaniambia kaka hapa ulikua umeshanimaliza. Akapita yeye. Simlaumu hata kidogo, raundi iliyofuata na yeye alifungwa na saa hiyo hiyo.

Halafu kuna mitaji isiyokua na mwisho, wacheza bao wanaijua, unapanda unazunguka unazunguka kete zinarudi mulemule, zipo hizo na zinatokea. Kijiweni tunakubaliana papo hapo, wengine wanasema mchezo umeharibika tuanze upya, wengine wanasema achague mtaji mwingine. Kwenye karatasi yao hakuna hata neno. Kwahiyo kwa saa ile mtu akiingia kwenye safari isiyo na mwisho anatakiwa apande mpaka dakika zake zote ziishe afungwe? Nauliza tu.

La pili ni "ukigusa kete umecheza". Hii nayo imetoka kwenye chesi moja kwa moja, hawakubadilisha hata nukta. Kete za bao zinalaliana, komwe kumi na mbili ndani ya nyumba, lile shimo lako kubwa la mstari wa mbele, huwezi kuzihesabu kwa macho mpaka uzitawanye na kidole, ndo tulivyofundishwa na ndo wanavyocheza wazee wote niliowahi kukaa nao. Siku ile watu walikua wanainama mpaka pua inakaribia kuingia kwenye shimo wanahesabu kwa macho. Kuna mtu aliponzwa na kidole chake raundi ya kwanza, alikua anahesabu tu, akalazimishwa kuucheza mtaji ambao hata mtoto asingeucheza. Watu walicheka ila haikua ya kucheka.

La tatu, hili ndo lilinikata kabisa, waliandika kwamba kwenye namua kete ya mwisho ikifika kwenye nyumba yako lazima uendelee na safari. Lazima! Jamani. Nyumba ndo roho ya namua. Ukifika nyumbani una hiari, ukitaka unalala, ukitaka unaibeba unaenda nayo safari, na hiyo hiari ndo nusu ya akili ya mchezo wote maana ukiibomoa mapema umebaki mtupu na ukiilalia sana mwenzako anakuja kuila. Ukimwondolea mtu hiari ya kulala umemwachia mchezo mwingine kabisa, mzuri pengine, ila si bao. Yule mzee asiyekua na miwani, kwao Unguja, alipoteza nyumba yake zamu ya tatu tu kwa kulazimishwa. Hakugomba. Alicheka, akavua kofia akaiweka juu ya bao, akasema basi mimi nimeshatembea, akaenda kutafuta kahawa.

Na la nne waliandika takasia hakuna. Sitaingia sana humo maana hata sisi wenyewe tunagombana kuhusu takasia, hilo nakiri. Kwa asiyejua, ni pale wote hamna cha kula, wewe ukatakata, yaani ukapanda bila kula, kwa namna kwamba mwenzako bado hana cha kula na wewe unatishia shimo lake moja tu, basi shimo hilo limetakasiwa, haruhusiwi kulichezea akakukimbia. Tena lina vighairi vyake, likiwa nyumba halitakasiwi, likiwa ndo shimo pekee lililobaki na kete mbele halitakasiwi. Mimi nimeijua ukubwani, babu hakunifundisha, nimefundishwa na watu wa Unguja pale Kariakoo na nilivyoijua nikaona kumbe miaka yote nilikua nacheza nusu ya bao. Wenzangu wawili kijiweni hawaitaki mpaka leo, wanasema inachosha. Sawa, mjadala huo upo. Ila mjadala ni wetu! Unaumaliza vipi kwa mstari mmoja kwenye karatasi iliyobandikwa asubuhi ya mashindano?

Niliwafata waandaaji baada ya kutoka, kwa heshima, nikaongea na mmoja anayeonekana mkubwa mkubwa. Majibu yalikua mawili. La kwanza kwamba mdhamini anataka fainali iishe kabla ya saa kumi na moja, wana mambo ya kupiga picha na kukabidhi zawadi. Hilo nalielewa, hela ni ya mdhamini, bila yeye tungekua chini ya mwarobaini kwetu na kikombe cha kahawa. La pili akaniambia mzee wangu nyie wachezaji mkikalishwa mezani hamtaelewana hata mwaka mzima, kila kijiwe kina sheria zake, ndo maana tuliamua wenyewe tukachukua utaratibu wa chesi maana kwenye chesi duniani kote ndo hivo na wachezaji wanafata bila maneno.

Sasa hapa ndo alipokosea. Nina mtoto wangu wa pili, yuko chuo, yeye ni wa chesi, akija likizo ananidharau na bao langu na mimi namdharau na vifarasi vyake, tunaishi vizuri. Nilimsimulia akacheka sana. Akaniambia baba, hao wa chesi ndo wanaongoza kwa kugombana na shirikisho lao. Akanipa mfano wa juzi tu, Desemba 2024 kule New York, mashindano ya dunia ya chesi ya haraka, Magnus Carlsen ambaye ndo namba moja duniani alivaa jinzi, shirikisho la chesi duniani, FIDE, wakamtoza faini dola 200 na wakamwambia akabadilishe, akasema leo sibadilishi nitabadilisha kesho, wakagoma kumpanga raundi inayofuata, akaondoka zake. Siku chache tu baadae FIDE wakalegeza masharti ya mavazi, akarudi kucheza ile ya dakika chache zaidi na akamaliza kwa kugawana ubingwa na Mrusi, Ian Nepomniachtchi. Jinzi tu hiyo! Hawakua wanabishania muda wala namna ya kula kete.

Akaniambia na mambo ya zamani. Kwamba mwaka 1975 Bobby Fischer wa Marekani, bingwa wa dunia, aliandika masharti yake ya namna pambano liwe, mengine wakamkubalia, moja wakakataa, kwamba ushindi ukifika tisa kwa tisa bingwa abaki na taji, na yeye akasusa kabisa, taji likaenda kwa Anatoly Karpov bila kete kusogezwa. Hapo mimi nasema FIDE walikua na haki yao, mchezaji mmoja asijiandikie sheria za kumlinda yeye mwenyewe. Sidai hivo na sitaki mtu aje asome barua yangu anielewe hivo. Ila mwaka 1993 Garry Kasparov na Nigel Short hawakuridhika na namna shirikisho linavyoendesha pambano lao, wakajitoa, wakaanzisha chama chao wakachezea huko, na kutoka hapo dunia ikawa na mabingwa wawili wa chesi, huyu wa huku na yule wa kule, mpaka 2006 ndo wakaunganishwa tena. Miaka 13! Wana hela, wana ofisi, wana mawakili, na bado walikaa miaka 13 watu hawajui bingwa ni nani, sasa sisi wa bao tukigawanyika si ndo basi tena, hata huo udhamini wa televisheni moja na jezi hatutauona.

Kwahiyo hiyo ya kusema wa chesi wanafata bila maneno haipo. Na sio chesi peke yake. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ina kamisheni ya wanamichezo toka mwaka 1981, wanamichezo wenyewe wanapeleka sauti yao mle ndani. Hao ni watu wa mbio na kuogelea, wenye makocha na mameneja wa kuwasemea. Sisi tunaocheza kwenye magunia nani anatusemea?

Na kuna kitu kimoja kinaniuma zaidi. Miaka ya 1990 alikuja Mholanzi mmoja msomi, Alex de Voogt, akaenda Zanzibar kuchunguza bao. Alifanya nini? Alikaa na mafundi wenyewe wa bao, akajifunza kwao, akacheza nao, akauliza hili linakuaje na lile linakuaje, ndo akaandika, na mpaka leo mtu wa Ulaya akitaka kujua kanuni za bao anasoma yale ambayo mafundi wa Zanzibar walimwambia. Mgeni kaja na ndege kauliza wachezaji. Wenzetu tunaokaa nao mji mmoja, nauli ya daladala tu kutufikia, hawakuuliza.

Najua kuna watakaosema bao ni mchezo wa wazee wasiokua na kazi, mambo gani haya ya kuandikia gazeti. Mwalimu Nyerere alikua anacheza bao, picha zipo, na sidhani kama alikua hana kazi.

Ile ya kwamba hatutaelewana sasa. Ni kweli tunagombana. Kijiweni kwetu peke yake kuna Wazaramo, kuna Wangazija wawili, kuna watu wa Lindi, kuna huyo mama lishe katokea Tanga, na kila mmoja kaja na bao la kwao. Nimewahi kuona watu wazima wananuniana wiki mbili sababu ya nyumba, mmoja anasema ikishalala mara moja haigeuki, mwingine anasema inageuka. Ila tunacheza kila siku! Mnafikiri tunachezaje? Kabla ya kuanza mnaulizana, leo tunacheza ya wapi, takasia ipo haipo, mnakubaliana, mnacheza, mkimaliza mnabishana tena. Kukubaliana ndo kazi tunayoifanya kila jioni, sasa mtu asiyewahi kuja hata mara moja anatuambia hatuwezi.

Tena siku ile ile tukiwa tunarudi, sisi wanne, bao tumelishikilia miguuni ndani ya daladala, kondakta analalamika gunia linaziba njia, tulianza kuongelea ile saa. Kabla hatujafika Tazara mwenzetu mmoja akasema mbona rahisi, saa ihesabu wakati mtu anafikiri tu, akinyanyua kete za kwanza refa anaisimamisha, akishalala inaanza ya mwenzake. Tukaona umesema. Mwingine akapinga, akasema kuna watu watapanda taratibu makusudi huku wanafikiri mchezo unaofata, kete moja, anameza mate, kete moja, kama anahesabu hela ya mchango wa harusi. Kweli watu hao wapo, nawajua kwa majina. Tukasema basi refa awe na mamlaka ya kumwonya, mara ya pili saa inawashwa kwenye kupanda kwake. Wa tatu akasema au tuache saa kabisa, tupange mechi chache zaidi kwa siku, mashindano yawe wikendi mbili. Tumeshuka Buguruni bado tunabishana na hatujamaliza mpaka leo ninapoandika. Ila angalieni, watu wanne wamechoka, wana njaa, wamefungwa, ndani ya daladala, kwa nusu saa wametoa mawazo matatu kuhusu kitu ambacho kamati nzima haikukiona kama ni tatizo. Si kwamba tuna akili kuwashinda, ni kwamba sisi mkono wetu umewahi kuwa hewani na kete nne.

Wacheza drafti nao nimeongea nao, wale wa vizibo vya soda pale karibu na stendi, kilio chao ni hicho hicho. Wao ugomvi wao ni mwisho wa mchezo, mmoja kabaki na kingi moja mwenzake ana tatu, ahesabiwe hatua ngapi kabla haijaitwa droo, na kila mashindano yanakuja na namba yake na unaijua siku hiyo hiyo. Nawaachia waandike ya kwao.

Tunachotaka sisi si kikubwa. Kanuni zitoke mapema, hata mwezi mmoja kabla, zipelekwe vijiweni watu wazisome, mwenye miwani amsomee asiyekua nayo, na watu waseme hili linafaa na hili halifai. Na kwenye kamati inayoandika wawepo wachezaji, na hao wachezaji tuwachague sisi, wasichaguliwe na kamati, maana tunajua mchezo huo pia, utaambiwa "wachezaji walikuwepo" ukiuliza ni nani unatajiwa mpwa wa mtu. Mimi binafsi ningependa wawe watatu, angalau mmoja awe wa bao la Unguja na angalau mmoja awe mwanamke, yule mama lishe siku ile hakwenda kwasababu alisema ataenda kufanya nini kule wakati tangazo lenyewe limeandikwa wazee na vijana na hamna mahali limemtaja. Marefa nao wawe watu wanaocheza. Yule kijana hakua na ubaya, alikua anasoma karatasi, na mimi ningekua yeye ningefanya vile vile.

Na kisheria naona hatuombi fadhila. Nchi hii ina Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, chama cha mchezo kinasajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo na hakisajiliwi bila katiba. Katiba hizo zina wanachama. Wanachama wa chama cha bao ni nani kama si wacheza bao? Mimi nimelipa kiingilio, nimebeba bao langu kwenye gunia, mabao sita kati ya yaliyochezewa siku ile yalikua ya wachezaji, ila nikiuliza kuhusu kanuni naambiwa hiyo ni kazi ya kamati ya ufundi. Fundi wa bao ni nani sasa?

Wiki iliyofata tuliandika karatasi yetu, kurasa mbili na sisi, kwa mkono, tukaeleza hayo manne na tukaomba kikao. Tulizunguka vijiwe vya Buguruni, Ilala na Temeke tukapata saini 31, wengine waliweka dole gumba, na yule kaka wa Mbagala aliyenifunga kasaini namba tano. Tuliipeleka wenyewe ofisini kwao. Dada wa mapokezi alitupokea vizuri, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yetu, akatuambia katibu yuko safari.

Mwenzangu akamuuliza, ya lazima au ya hiari? Dada hakuelewa. Sisi tulicheka mpaka tukatoka nje ya geti.

Ni wiki ya tano sasa. Kama katibu ameshalala huko alikokwenda, tunaomba atujibu kupitia ukurasa huu huu au atume mtu Buguruni siku yoyote baada ya saa kumi jioni, akifika sokoni aulize kijiwe cha bao chini ya mwarobaini, ataonyeshwa. Mashindano mengine wametangaza ya mwezi wa nane na kiingilio kimepanda kimekua elfu kumi na tano, kanuni bado hatujaziona.

Fundi viatu, mcheza bao,
Buguruni, Dar es Salaam